Bi Sikuzani na Ngoma ya Kilindini

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo aliyeitikia kwa pua? Mimi simsimulii mtu aliyelala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji ukingoni mwa mto. Jina la kijiji sikupewa, nami sitawatungia. Mto ulikuwa mpana, maji yake rangi ya uji wa ulezi. Ukitia mkono mpaka kwenye kiwiko, vidole vyako huvioni. Ukingoni palikuwa na udongo mweusi, ukipanda leo, kesho kutwa pameota. Watu walilima bustani zao hapo: mchicha, bamia, maboga, miwa. Wakitoka bustanini na tope miguuni, wanaingia mtoni kuoga. Joto la huko, jamani, halikuwa la kusimuliwa.

Katika kijiji hicho alikuwepo mama mmoja mtu mzima, Bi Sikuzani. Mrefu, mwembamba, mkali wa macho. Bustani yake ilikuwa juu kidogo, mahali ambapo mtu akiinama kupalilia anaona mto wote. Na alikuwa na mambo yake mawili ambayo watu waliyacheka.

La kwanza, fimbo. Bi Sikuzani hakutia mkono penye majani kabla ya fimbo. Akifika kwenye maboga, anagonga chini. Ko. Ko. Ko. Anasema, "Mwenye nyumba, mgeni huyu." Anasubiri. Ndipo anafunua majani, na anafunua kwa fimbo, si kwa mkono. Kuni aliziinua hivyo hivyo. Rundo la majani makavu hivyo hivyo. Jembe likilala shambani, asubuhi linagongwa kwanza.

La pili, mto. Bi Sikuzani hakutia mguu mtoni. Alifunga kibuyu kwenye ncha ya upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akasimama juu ya ukingo, mbali, akateka. Chubwi, akavuta. Chubwi, akavuta. Leo hapa, kesho kule, hakurudia mahali. Mtungi wake mmoja ulimchukua muda wa wenzake kujaza mitatu. Wanawake wakipita humwambia, "Bi Sikuzani, mto haukuli." Naye hujibu, "Najua. Mto hauna meno."

Basi wanacheka, wanakwenda zao kuoga.

Alikuwepo pia mpiga ngoma, Mkumba. Mikono mikubwa, mdomo mkubwa zaidi. Siku moja akapita bustanini kwa Bi Sikuzani kuomba boga. Bi Sikuzani akamwambia chagua. Mkumba akainama, akapeleka mkono kwenye majani.

"Ondoa mkono," akasema Bi Sikuzani. Hakupaza sauti. "Polepole. Usiuvute kwa ghafla."

Mkumba akauondoa polepole.

"Sasa rudi nyuma. Hatua moja. Nyingine. Nyingine."

Chini ya boga alilala kifutu, mnene kama mkono wa Mkumba mwenyewe, rangi ya majani makavu. Kifutu hana haraka, wanangu. Hakukimbii, na ndiyo ubaya wake. Mkumba alipokuwa mbali akaokota gongo, akataka kurudi kumpiga.

"Weka chini," akasema Bi Sikuzani. "Ulikuwa mzima sasa hivi, unarudi kutafuta nini? Wengi walioumwa na nyoka waliumwa wakimpiga. Mpe njia."

Wakasimama. Wakasimama sana. Mwisho kifutu akajikunjua, akaenda zake kwenye matete. Na mnajua Mkumba alisema nini kijijini? Alisema amemfukuza kifutu bustanini kwa Bi Sikuzani, yule bibi alikuwa anatetemeka. Watu kama hao hamnao ninyi hapa? Mnao. Mmoja namwona.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kijiji kile kilikuwa na mila. Binti akitaka kuolewa, huogeshwa mtoni siku saba kabla ya harusi. Saa ile ile, alasiri, jua likianza kulegea. Mahali pale pale, pale kilindini, palipo na maji mengi yaliyotulia. Wanawake humteremsha amejifunga kaniki, ngoma ikitangulia. Ndu. Ndu. Ndu-tiki-ndu. Ngoma hupigwa mizunguko saba. Binti anaingia mpaka kiunoni, anapakwa liwa ya kunukia, anaoshwa, wenzake wanapiga maji kwa viganja, pa, pa, pa, wakiimba. Kisha anapandishwa.

Na mila ilikuwa na mkia. Siku ya kwanza huchinjwa mbuzi, na utumbo wake hutupwa kilindini kidogo kidogo, kila siku, ngoma ikianza. Walisema ni kumlisha mkwe. Maana mto kwao ulikuwa mkwe wa kijiji. Zamani, walisema, uliwahi kuoa hapo. Binti mmoja alishuka kuoga asipande. Jumbe wa wakati huo akatoa neno: "Mto umemwoa. Aliyeolewa haliliwi." Basi hakuliliwa. Matanga hayakuwekwa. Jina lake likaachwa kutajwa, na utumbo wa mbuzi ukaanza kutupwa.

Mwaka huo aliyechumbiwa alikuwa Havijawa, binti wa Jumbe Mtulia, jumbe wa sasa. Havijawa alimpenda sana Bi Sikuzani, na Bi Sikuzani alimpenda zaidi. Alikuwa bibi yake, maana Jumbe Mtulia alimwita Bi Sikuzani shangazi, dada wa baba yake. Tangu mdogo Havijawa alipalilia naye. Naye alijua kugonga. Ko. Ko. Ko.

Ikaja siku ya kwanza. Mbuzi akachinjwa. Ngoma ikashuka. Ndu. Ndu. Ndu-tiki-ndu.

Bi Sikuzani alikuwa bustanini. Akainua kichwa, akatazama ng'ambo ya mto. Ng'ambo palikuwa na gogo juu ya mchanga. Utumbo ukatupwa, binti akaoga, akapanda. Bi Sikuzani akatazama tena. Gogo halikuwepo.

Siku ya pili. Saa ile ile, mahali pale pale. Ndu. Ndu. Ndu-tiki-ndu. Bi Sikuzani akatazama katikati ya mto. Palikuwa na vitu viwili juu ya maji, kama kokwa mbili. Mto unakwenda, kokwa haziendi.

Siku ya tatu. Saa ile ile, mahali pale pale. Ngoma haijaanza, yangeyange, ndege weupe wa mtoni, wakaruka kwenye matete ya huku, wote kwa pamoja, kama waliofukuzwa. Binti alipopandishwa na watu kuondoka, Bi Sikuzani akashuka na fimbo yake, akakaa mbali na maji, akatazama tope. Palikuwa na mburuzo. Tumbo limepita hapo, zito, na kucha huku na huku. Akaupima kwa macho. Mburuzo ulikuwa na upana wa mlango.

Siku ya nne. Saa ile ile, mahali pale pale. Bi Sikuzani alitazama ng'ambo, hakuna. Akatazama katikati, hakuna. Akatazama kwenye matete, hakuna. Maji yametulia tuli. Mbuzi waliletwa kunywa, wakafika, wakanusa, wakarudi na kiu yao.

Hapo ndipo Bi Sikuzani alipoogopa.  Ulipokuwa unamwona, alikuwa mbali. Sasa humwoni, yuko wapi?

Akaenda moja kwa moja kwa Jumbe. Jumbe Mtulia alikuwa amekaa barazani na wazee wa upande wa bwana harusi, waliovuka kutoka kijiji cha ng'ambo. Bi Sikuzani akabisha hodi, akasalimiwa, shikamoo zikapita, akasema, "Mtulia mwanangu, mtoto asishuke tena kilindini. Kuna mamba. Ana siku nne anamsoma."

Jumbe akawatazama wageni wake, akacheka kicheko kidogo cha kufunika aibu. "Shangazi, mto wote una mamba. Na pale kilindini ni kwa mkwe. Mkwe hali ndugu zake."

"Anakula utumbo wa mbuzi, lakini? Siku nne mnampigia ngoma, mnamtilia chakula, kisha mnamtia mtoto mahali pale pale pa chakula. Mbwa ukimfanyia hivyo, siku ya tano atakungoja mlangoni."

"Hii ni mila ya baba yangu. Kaka yako."

"Najua ni ya nani."

"Basi shangazi, niheshimu mbele ya wageni. Nikivunja mila leo, kesho watasema binti yangu hakuoshwa, na ndoa itavunjika. Nenda ukapumzike."

Wazee wa ng'ambo wakatazama mikeka. Bi Sikuzani akaondoka. Njiani moyo ulimuuma sana, na tuseme kweli, alimchukia Mtulia njia nzima.

Siku ya tano. Bi Sikuzani alisimama katikati ya njia ya mtoni na fimbo yake. Ngoma ikafika, ikamkuta. Mkumba akasema, "Bibi, pisha, kifutu hayupo leo." Watu wakacheka. Semeni, mama yake Havijawa, hakucheka. Alimjua shangazi huyo wa mumewe kuwa si mtu wa kuchezea njia za watu. Akamwuliza kwa sauti ndogo, "Mama, umeona kitu?"

"Leo sikuona kitu. Ndiyo nimekuja. Usimruhusu apite magoti, na asikae."

Wakashuka. Ndu. Ndu. Ndu-tiki-ndu. Utumbo ukatupwa, ukazama. Havijawa akaingia mpaka magotini, mama yake akamshika kaniki kwa nyuma. Wanawake wakapiga maji, pa, pa, pa. Mara Havijawa akanyamaza kuimba. Akageuka, akapanda ukingoni mbio, liwa haijamkauka.

"Vipi?" wakamwuliza.

 Alikwenda mpaka aliposimama Bi Sikuzani, akamshika mkono. "Bibi, maji yamenisukuma. Hapa, kwenye muundi. Na upepo hakuna."

"Bado anapima," akasema Bi Sikuzani. "Kesho hatapima."

Asubuhi ya siku ya sita Bi Sikuzani aliingia katika chumba cha ndani alimowekwa Havijawa. Semeni alikuwemo. Bi Sikuzani akakaa chini, akaweka fimbo mapajani. Kisha akasema:

"Yule binti aliyeolewa na mto aliitwa Mwanamtama. Alikuwa dada yangu."

Semeni akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameolewa katika ukoo ule miaka ishirini na jina hilo hajawahi kulisikia.

"Nilikuwa nimemshikia kaniki yake ya kubadili. Ilikuwa siku ya sita. Nilikuwa ukingoni, karibu, kama kutoka hapa mpaka mlangoni. Walikuwa wanaimba. Maji yalifunguka, nikaona meno, nikaona mkono wake, kisha maji yakafunga. Kaka yangu alikuwa jumbe. Aliogopa watu watahama kijiji. Akasema mto umemwoa. Mimi niliona meno. Nikaanza kulia, nikazibwa mdomo kwa kitambaa, nikaambiwa aliyeolewa haliliwi. Sijalia tangu siku hiyo."

Havijawa akasema, "Bibi, leo mimi sishuki."

"Hushuki. Lakini ukikataa tu watasema binti mwoga, na mwakani watashusha mwingine. Nataka waone. Semeni, nenda kaniombee kwa mumeo alasiri moja. Moja tu."

Semeni akaenda. Alichomwambia mumewe mimi sikuwepo, na ya mke na mume si ya kusimulia. Ila Jumbe Mtulia alitoka nje uso umemshuka, akaja kwa shangazi yake.

"Unataka nini, shangazi?"

"Nipe gogo la mgomba, urefu wa mtu. Nipe kaniki ya Havijawa. Gogo lishuke badala yake, lifungwe kamba, tulishushe kwa upondo kutoka juu. Ngoma ipigwe kama kawaida. Utumbo utupwe kama kawaida. Watu wote wakae hatua ishirini kutoka majini. Mizunguko saba ikiisha na gogo likabaki salama, basi nimesema uongo. Nitamshika mtoto mkono, na nitatangulia mimi kuingia, mpaka kiunoni, mbele ya wageni wako."

Jumbe akamtazama. Kijiji kizima kilijua mwanamke huyu hajatia hata kidole cha mguu mtoni kwa masika arobaini. "Umesema mwenyewe," akasema.

"Nimesema mwenyewe."

Alasiri ikafika. Saa ile ile. Mahali pale pale. Kijiji chote kilikuja, na wageni wa ng'ambo wakaja, maana nani atakaa nyumbani siku kama hiyo? Walihesabu hatua ishirini, wakasimama. Gogo la mgomba likafungwa kaniki kiunoni na begani. Likateremshwa taratibu. Likaelea pale pale aliposimama Havijawa jana yake. Kwa mbali ungesema ni mtu. Semeni hakuweza kulitazama, alimkumbatia binti yake wakatazama pembeni.

Utumbo ukatupwa. Chubwi.

Ndu. Ndu. Ndu-tiki-ndu.

Mzunguko wa kwanza. Maji kimya.

Mzunguko wa pili. Kimya.

Wa tatu. Kereng'ende akatua juu ya kaniki, akakaa. Mtu akacheka.

Wa nne. Wa tano. Kimya.

Mkumba alianza kupiga kwa madaha, anazungusha vijiti hewani. Wazee wa ng'ambo wananong'ona. Wa sita. Kimya. Havijawa alimtazama bibi yake. Bi Sikuzani alikuwa anatazama maji, jasho linamtoka, midomo imekauka.

Wa saba. Ndu. Ndu. Ndu-tiki-ndu.

Ngoma ikanyamaza. Gogo linaelea. Kereng'ende bado amekaa.

Jumbe Mtulia akasema, na sauti yake haikuwa ya kufurahi, "Shangazi, ngoma imekwisha."

 Bi Sikuzani alikuwa anahesabu kichwani. Ngoma imepigwa. Utumbo umetupwa. Mtu yupo. Nini hakipo? Nini kilikuwepo siku tano zote, na siku ile ya Mwanamtama, ambacho leo hakipo?

Viganja.

Wanawake walikuwa juu, hatua ishirini. Hakuna aliyepiga maji.

Akachukua upondo wake. Akaanza kushuka.

"Bibi," akaita Havijawa.

"Kaa hapo hapo. Mtu asinifuate."

Hatua ishirini. Hatua kumi na tano. Hatua kumi. Miguu ile iliyokataa mto masika arobaini ilikuwa inateleza kwenye tope. Hatua nane. Hapo akasimama, maana upondo ulifika. Akauinua, akapiga maji kwa ubapa kando ya gogo.

Pa.

Kereng'ende akaruka.

Pa.

Kimya. Hata mtoto wa mgongoni alinyamaza.

Pa.

Maji yakafunguka.

Sijui niseme vipi. Yalifunguka, basi. Kichwa kikatoka, kirefu kama mtumbwi wa mtu mmoja, kikafumba, na gogo lilikuwemo. Grap. Mkia ukapiga, maji yakafika mpaka miguuni pa Jumbe. Kamba ikakatika. Upondo ukavunjika mikononi mwa Bi Sikuzani, kipande kikaenda. Alianguka kwa mgongo kwenye tope, akajivuta nyuma kwa viwiko. Yule mnyama alikuwa anajizungusha na gogo, anageuka, anageuka, kaniki nyeusi inaonekana, inapotea, inaonekana, inapotea. Kisha maji yakafunga.

Yakatulia tuli. Kipande cha mgomba kikaibuka, cheupe, kikaenda na mkondo.

Mkumba alikuwa ameshapanda juu ya mti, na ngoma yake ilikuwa inabingirika peke yake kwenda mtoni. Hakuna aliyeifuata.

Havijawa aliwaponyoka watu, akamfikia bibi yake, akamshika makwapani, akamburuta mpaka kwenye hatua ishirini. Hapo Bi Sikuzani akakaa chini, ana tope mpaka nyweleni. Akatazama kilindi. Akasema, "Mwanamtama." Akasema tena, "Mwanamtama, dada yangu."

Kisha akalia.

Alilia kama analilia jana. Alilia kwa sauti ya msichana, sauti iliyozibwa kwa kitambaa masika arobaini. Watu waliganda. Mila ilikuwa imesema haliliwi. Wakamtazama Jumbe wao, wamwone atasema nini.

Jumbe Mtulia alikuwa anatazama maji miguuni pake. Pengine alikuwa anamwona baba yake. Pengine alikuwa anaona nani angekuwa ndani ya ile kaniki. Alivua kofia yake, akakaa kwenye tope kando ya shangazi yake, jumbe mzima na kanzu yake nyeupe, akasema kwa kila mtu kusikia, "Shangazi yangu Mwanamtama hakuolewa. Aliliwa na mamba, na sisi tukamlisha mamba huyo kwa miaka yote hii. Leo tunaweka matanga."

Wakaweka matanga siku tatu, ya mtu aliyekufa wengi wao hawajazaliwa. Wazee wa ng'ambo walikaa matanga pamoja nao. Na yule mkubwa wao akasema, "Binti mwenye bibi kama huyu ndiye tunayemtaka." Basi ndoa haikuvunjika.

Matanga yalipokwisha, Havijawa alimaliziwa siku yake ya saba uani kwao, kwa maji ya mtungi, maji yaliyotekwa kwa kibuyu na upondo mpya. Waliimba, wakapiga maji kwa viganja ndani ya sufuria. Liwa ilinukia vile vile.

Baadaye wanaume walikata miti, wakaipigilia majini kwenye kina kifupi, mti kwa mti, ikawa kama zizi, na hapo ndipo watu walipoogea na kuteka, jua likiwa juu, mmoja akiwa ukingoni anatazama. Kila asubuhi miti ilikaguliwa, maana hata zizi huoza. Utumbo wa mbuzi ulizikwa mbali. Mwosha samaki aliambiwa aoshee nyumbani. Kilindini hakuna aliyekwenda tena, na ukipita hapo na watoto unawaambia jina: hapa alifia Mwanamtama.

Na Mkumba? Mkumba alichonga ngoma nyingine. Alisimulia kwamba alipanda mtini ili aone vizuri. Lakini ukimvizia shambani kwake, utamwona anainama mbele ya maboga, anatazama huku na huku kama kuna mtu, kisha anagonga. Ko. Ko. Ko.

Bi Sikuzani aliishi mpaka akawaona wajukuu wa Havijawa. Alikufa kitandani mwake, usingizini, mwenye vidole vyake vyote. Na mpaka leo, ukienda upande huo, ukaona mwanamke anagonga rundo la majani kabla ya kulishika, mwulize anafanya nini. Atakwambia, "Namwambia mwenye nyumba, anapita Sikuzani."

Nanyi mnaonisikiliza, mnaotoka hapa kwenda kuchuma mchicha na kuruka mtoni kwa joto hili: mnyama hana ubaya na wewe, ana njaa na ana nyumba. Nyumba yake ibishie hodi. Njaa yake usiifundishe saa yako. Na mtu wenu akiliwa, semeni ameliwa, mlieni, ili wa nyuma yake ajue pa kutokanyaga.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya ukingo, hatua ishirini kutoka majini. Atakayeisogeza mbele, asogee na fimbo.